KITANDA USICHOKILALIA HUJUI KUNGUNI WAKE
(Makala ya uchunguzi kuhusu watu na ndovu wa Shimba Hills)

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, mwanachama wa Chama cha Kiswahili

UTANGULIZI

Muhula uliopita chama chetu kilikuwa na mjadala wenye hoja isemayo, "Anayejenga kando ya ndovu amejitakia." Walioiunga mkono hoja hiyo walishinda, tena kwa kura nyingi. Msemaji wao mmoja aliuliza, "Kwani si wahame tu?" na darasa zima likacheka na kupiga makofi. Muda ulikwisha kabla zamu yangu haijafika, kwa hivyo nimeonelea niyaandike niliyotaka kuyasema.

Mamangu ni mzaliwa wa kijiji kimoja cha Kwale kinachopakana na mbuga ya Shimba Hills, na likizo zangu nyingi nimezimaliza huko kwa mjomba. Hapa Shelly Beach nalala nikisikia bahari. Kule nalala nikisikia madebe yakigongwa.

Katika makala haya nitaeleza ndovu ni jirani wa namna gani, nani alimkuta mwenziwe, walio mbali huwahukumu vipi walio karibu, na ni njia zipi zimejaribiwa ili watu na wanyama wakae pamoja. Sitasema kwamba ndovu wauawe, wala sitasema kwamba wanadamu hawana makosa. Ninalotaka tulijue ni moja: ujirani na mnyama hatari una gharama yake, na kabla hatujamhukumu mtu yeyote, yafaa tuulize ni nani anayeilipa.

NDOVU NI JIRANI WA NAMNA GANI?

Shimba Hills haiko mbali nasi. Ukipanda matatu ya Kwale hapo Likoni, utapita Ngombeni na Waa, ufike Kombani, kisha gari liache barabara ya Lungalunga lianze kupanda mlima. Ni kama kilomita 30 tu. Msitu huo ulitengwa na serikali ya kikoloni mwaka 1903, na mwaka 1968 ukafanywa hifadhi ya wanyama. Humo mna palahala, ambao katika Kenya nzima hawapatikani porini mahali pengine. Na mna ndovu.

Wengi wetu ndovu tumemwona kwenye picha au kwenye noti, basi. Hebu tumtazame kwa hesabu. Ndovu dume aliyekomaa huwa na uzito wa tani 5 au 6. Kwa siku moja aweza kula chakula cha kilo 150 na kunywa maji zaidi ya lita 100. Gunia la mahindi tunalolijua sisi lina kilo 90. Sasa piga hesabu mwenyewe: wakija ndovu watano shambani, patabaki nini asubuhi? Na si kile wanachokula tu. Wanachokanyaga ni kingi kuliko wanachokula.

Ndovu ana akili. Hushika njia aliyoonyeshwa na mamake na nyanyake, na hujua mahindi yanakomaa mwezi gani. Waya wa umeme akiushindwa kwa mwili, huuvunja kwa pembe zake, kwa kuwa pembe haipitishi umeme. Mimba yake ni ya miezi 22, na ndovu jike mwenye mtoto mchanga ni hatari sana, maana haulizi ulikuwa ukipita tu au ulikuja kwa shari.

MAISHA YA WALIO KARIBU

Mjomba wangu ana shamba la eka tatu. Mahindi yakianza kubeba, hujenga dungu, yaani jukwaa la miti lililoinuliwa juu, na hulala huko kila usiku hadi siku ya kuvuna. Hana bunduki. Ana tochi, debe, na mbwa mmoja. Likizo moja ya Agosti nililala naye dunguni. Saa nane za usiku mbwa akanyamaza ghafla, na mjomba akanishika mkono akaninong'oneza, "Wameshaingia." Sikusikia kishindo chochote. Watu hudhani ndovu huja kwa kelele, lakini wapi! Nyayo zake ni laini kama mto. Nilichosikia ni mabua yakivunjika, ka, ka, ka, kama mtu anayekula muwa.

Tulipiga debe hadi mikono ikatuuma. Waliondoka walipotaka wao. Kulipokucha tuliona nusu eka imelala chini. Nilimwuliza mjomba kama ana chuki na ndovu. Akanijibu, "Ndovu hana ubaya na mimi, mjomba. Yeye ana njaa, mimi nina njaa, na mahindi ni yale yale." Nikamwuliza mbona asihame. Akacheka akasema, "Nikihama, shamba hili nitalikunja nilitie mfukoni?"

Hasara nyingine haionekani shambani. Binamu yangu, msichana wa rika langu, hupita kando ya msitu akienda shule. Siku ambazo ndovu hawajarudi msituni, watoto wa kijiji hungoja jua litoke ndipo watembee kwa kundi. Binamu yangu alikuwa akifika somo la kwanza limekwisha. Mwalimu mmoja aliyekuwa amehamia hapo kutoka mbali alimwadhibu mara tatu kwa kuchelewa, akamwambia ndovu ni kisingizio. Mara ya nne ndovu walipita wenyewe karibu na uwanja wa shule mchana kweupe, na tangu siku hiyo hakuna aliyepigwa. Naomba tukumbuke jambo hili. Mwalimu yule hakuwa mtu mbaya. Alihukumu kwa kipimo cha alikotoka.

NANI ALIMKUTA MWENZIWE?

Katika mjadala ilisemwa kwamba watu ndio walioingia kwa ndovu. Jawabu la kweli lina pande mbili.

Upande wa kwanza, Wadigo na Waduruma wamekaa sehemu hizi kwa karne nyingi. Misitu ya kaya za Mijikenda, ambayo mingine iko Kwale, iliandikishwa na UNESCO mwaka 2008 kuwa urithi wa dunia. Mtu hawi na kaya mahali alipofika jana. Watu hawa na ndovu walikuwa wakipishana kwa sababu ardhi ilikuwa kubwa: ndovu akipita huku, mtu hulima kule.

Upande wa pili, ni kweli kwamba wengine walifika baadaye. Baadhi yao waliletwa na mipango ya makazi ya serikali, wakagawiwa mashamba kando ya msitu. Watu wameongezeka, miti imekatwa, na njia za zamani za ndovu zimegeuka mashamba. Lakini hata hawa, nani awaambie wamejitakia, na hali walipewa ardhi hiyo kwa karatasi? Aliyechora mpaka kwenye ramani hakuwauliza watu, na ndovu pia hakuwauliza.

HUKUMU ZA WALIO MBALI

Nimechunguza nikaona walio mbali wana hukumu za aina tatu.

Ya kwanza husema, "Ni wajinga, wahame." Hii ndiyo tuliyoipigia makofi.

Ya pili husema, "Ni wakatili, hawapendi wanyama." Hii hutolewa mwanakijiji anapomjeruhi ndovu kwa mkuki au mshale. Na ni kweli ndovu wetu waliangamizwa. Katika miaka ya 1970 Kenya ilikuwa na ndovu zaidi ya 160,000, na kufikia mwaka 1989 walikuwa wamebaki chini ya 20,000. Lakini aliyewamaliza si mkulima wa mahindi. Ni biashara ya pembe, iliyokuwa na bunduki, magari na wanunuzi ng'ambo. Ndiyo sababu Rais Moi alizichoma tani 12 za pembe mjini Nairobi mwaka 1989, na katika mwaka huo huo mataifa yakapatana kupiga marufuku biashara hiyo. Hesabu ya wanyama ya mwaka 2021 ilionyesha ndovu 36,280 nchini. Hiyo ni habari njema, lakini kila ndovu aliyeongezeka anakula mahali fulani.

Hukumu ya tatu ni ya sifa, na hiyo huwaangukia watu wachache sana. Mfano ni George Adamson, aliyekuwa bwana nyama katika kaskazini ya Kenya. Yeye na mkewe, Joy, walimlea simba jike aitwaye Elsa, wakamfunza kuwinda na kumrudisha porini huko Meru. Kitabu cha Joy kilitoka mwaka 1960, na filamu ikafuata mwaka 1966. Baadaye George alikwenda kukaa Kora, karibu na Mto Tana, akaishi na simba hadi uzeeni. Mwaka 1971 simba mmoja aliyeitwa Boy alimwua mfanyakazi wa kambi ile, na George akalazimika kumpiga Boy risasi. George mwenyewe aliuawa mwaka 1989 akiwa na umri wa miaka 83. Waliomwua ni majambazi, si simba.

Dunia iligawanyika juu yake. Wengine walimwita shujaa. Wengine walimwita mpumbavu, kwa kuwa simba aliyezoea watu huwa hamwogopi mtu tena. Mimi simlaumu wala simsifu. Ninachouliza ni hiki: mbona majina ya simba, Elsa na Boy, yanajulikana hadi ulaya, lakini yule mfanyakazi aliyekufa ni wachache wanaolikumbuka jina lake?

Jambo hili si geni. Mwaka 1898, reli ilipokuwa ikijengwa Tsavo, simba wawili waliwala wafanyakazi kwa miezi mingi hadi J. H. Patterson alipowaua mwezi wa Desemba. Katika kitabu chake cha mwaka 1907, Patterson alitaja Wahindi 28 walioliwa, lakini kuhusu Waafrika alisema tu kwamba hakukuwekwa hesabu rasmi. Kwa hivyo hata leo wataalamu wanabishana: wengine hutaja zaidi ya watu 100, na uchunguzi uliofanywa mwaka 2009 kwa kupima mifupa na manyoya ya simba hao ulikadiria kama watu 35. Ngozi za simba wenyewe ziliuzwa kwa jumba la makumbusho la Chicago mwaka 1924, wakajazwa na kusimamishwa, na wageni huwatazama hadi leo. Simba wamehifadhiwa vizuri, na watu waliokufa hawakuhesabiwa hata idadi.

NDOVU NAO HUTUHUKUMU

Hapa niliposoma nilishangaa sana. Huko Amboseli wataalamu waliwaonyesha ndovu nguo zilizovaliwa na Wamaasai na nyingine zilizovaliwa na Wakamba. Matokeo yalitolewa mwaka 2007. Ndovu waliponusa nguo za Wamaasai, ambao vijana wao wana desturi ya kuwachoma ndovu mikuki, walikimbia mbali. Za Wakamba wakulima hawakuziogopa kiasi hicho. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2014 ulitumia sauti zilizorekodiwa. Ndovu waliogopa zaidi sauti za wanaume wa Kimaasai kuliko za wanaume wa Kikamba, na sauti za wanawake na watoto wa kiume wa Kimaasai hazikuwatisha hivyo.

Yaani ndovu hasemi, "Watu wote ni wabaya." Humtenga mwanamume na mwanamke, mkubwa na mtoto, mwenye mkuki na mwenye jembe. Sisi tulio mbali huwatia watu wote wa kando ya msitu katika kapu moja na kuwaita majina. Hata mnyama amefanya uchunguzi kutushinda!

NJIA ZILIZOJARIBIWA

1. Kuwahamisha ndovu. Mwaka 2005 ndovu kama 150 walichukuliwa kwa malori kutoka Shimba Hills hadi Tsavo Mashariki, mwendo wa kilomita zaidi ya 100. Baadhi yao hawakukubali makao mapya, wakafunga safari ya kurudi kwa miguu. Wale wanaosema "si wahame tu" wajue kwamba hata ndovu amekataa kuhama kwao.

2. Kugawana faida. Kati ya Shimba Hills na msitu wa Mwaluganje kuna njia ya zamani ya ndovu iliyokuwa inapita katika mashamba ya watu. Katika miaka ya 1990 wenye mashamba, Waduruma na Wadigo, walikubali kuacha kulima sehemu hiyo ikawa hifadhi ya jamii, iliyofunguliwa mwaka 1995. Wenye ardhi hupata mgao wa viingilio vya wageni, na mavi ya ndovu hutengenezewa karatasi za kuuza. Huu ni mpango wa busara, ila unategemea watalii. Machafuko yalipotokea hapa kwetu Likoni mwezi wa Agosti 1997, watalii walikimbia Pwani nzima, na mwaka 2020 korona ikawazuia tena. Lango likikosa wageni, mgao unatoka wapi? Kumbe hata vurugu za Likoni humfikia mkulima wa Kwale, ambaye hakurusha jiwe.

3. Nyuki. Ndovu ni mkubwa lakini humwogopa nyuki, maana humchoma machoni na ndani ya mkonga. Huko Sagalla, Taita, tangu mwaka 2009 wakulima wamezungushia mashamba yao mizinga iliyofungwa kwa waya. Ndovu akiugusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Mkulima hulinda mahindi na huvuna asali.

4. Akili za vijana. Richard Turere, mtoto wa Kimaasai wa karibu na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, alikuwa na umri wa miaka 11 alipounganisha betri, sola na taa ndogo zinazowaka na kuzima kuzunguka boma la ng'ombe, ili simba adhani kuna mtu anatembea na tochi. Mwaka 2013 alialikwa Marekani kueleza uvumbuzi wake. Alikuwa mdogo kuliko sisi!

5. Fidia. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama, milioni 3 kwa aliyepata kilema cha kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Mazao yaliyoharibiwa nayo yalitiwa katika sheria. Lakini malipo yamejulikana kwa kuchelewa, na tumbo halijui kungoja miaka.

SISI NASI TUNA NDOVU WETU

Huenda msomaji akasema, "Hayo ni ya watu wa msituni, mimi ni mtoto wa mjini." Haya, tuje nyumbani. Tarehe 29 Aprili 1994, kabla sisi hatujazaliwa, feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa. Karibu kila mtaa wa Likoni una mzee anayeikumbuka siku ile. Je, watu walihama Likoni? La. Asubuhi zilizofuata walivuka tena, kwa sababu kazi, hospitali na soko vilikuwa ng'ambo. Hata baada ya barabara ya Dongo Kundu kujengwa, wengi wetu bado twavuka kwa feri, na twasinzia ndani yake.

Mtu wa bara akituona aweza kusema, "Watu hawa hawaogopi? Si wahame tu?" Tutamjibu nini? Tutamwambia kwamba hapa ndipo kwetu, kwamba hatupendi hatari bali twapenda maisha yaliyo kando yake, na kwamba dawa yake ni vivuko salama. Basi jawabu hilo hilo ndilo la mjomba wangu.

Tena tuna deni kwa watu wale. Chemchemi za Marere zimo Shimba Hills, na tangu zama za ukoloni maji yake yamekuwa yakiletwa Mombasa. Msitu ukifyekwa, chemchemi zitakauka. Mji unakunywa maji ya msitu wa ndovu, na anayekesha dunguni ni mkulima wa Kwale. Nauli ya feri ya ndovu wetu sote hulipwa na mtu mmoja.

HITIMISHO

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisemi kwamba asiyelala kitandani asiseme kitu. Kama ingekuwa hivyo, hata daktari asingemtibu mgonjwa. Nasema kwamba kabla ya kutoa hukumu aulize mambo matatu: Nani anapata faida ya mnyama huyu? Nani anapata hasara? Na je, hao wawili ni mtu mmoja? Tukiona faida iko mjini na hasara iko kijijini, hapo hoja inayotufaa si "wahame". Hoja inayotufaa ni "tusaidiane vipi kulipa?"

Binamu yangu anataka kuwa mwalimu, na anataka kufundisha hapo hapo kijijini. Mjomba naye atajenga dungu tena mahindi yakibeba. Kwa hayo machache nakomea hapa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Eleza tofauti kati ya hukumu tatu za walio mbali. Wewe ulikuwa na ipi kabla ya kusoma makala haya?
2. "Anayejenga kando ya ndovu amejitakia." Pinga au unga mkono, ukitumia mfano mmoja wa Kwale na mmoja wa Likoni.
3. Kati ya njia tano zilizotajwa, ni ipi ambayo wakulima wenyewe ndio wenye uwezo nayo? Toa sababu.
4. Taja jambo moja la hatari ambalo watu wa mtaa wenu wamelizoea. Mgeni angesemaje akiliona?
5. Tunga sentensi kwa maneno haya: dungu, fidia, mgao, chemchemi, kilema.